NaN na infiniti unapopanga namba: njia zilizopo na ipi ya kuchagua

Chukua orodha ya namba tatu: 3, NaN (kifupi cha Not a Number, "si namba", alama ya hesabu isiyo na jibu), 1. Iambie lugha ya Python iipange kwa `sorted`. Utarudishiwa 3, NaN, 1, vilevile ilivyokuwa. Hakuna kosa lililotajwa, hakuna onyo, na programu inaendelea na kazi ikiamini kwamba orodha imepangwa. Lakini 3 bado imetangulia 1.

Wengi tukisikia habari za NaN kwenye upangaji hufikiri shida ni mahali itakapokaa: mwanzoni, mwishoni au katikati. Shida hiyo ipo, ila ni ndogo. Kubwa zaidi ni kwamba NaN moja inaweza kuvuruga mpangilio wa namba nyingine zisizo na kasoro yoyote, nawe usijue mpaka mtu aje kuuliza kwa nini ripoti inasema jambo lisilowezekana. Ndiyo maana nimeona niziweke njia za kuishughulikia bega kwa bega, niseme ninayoipendelea, na niseme pia ni wapi ningeiacha nikachukua nyingine.

## Infiniti haina hatia

Namba za nukta inayoelea, au floti kama waandishi wa programu wanavyoziita, hufuata kiwango cha IEEE 754. Kilitolewa mwaka 1985, kikarekebishwa mwaka 2008 na tena 2019. Ndani yake mna thamani mbili za pekee ambazo mara nyingi hutajwa pamoja kana kwamba ni ndugu, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia.

Infiniti hupatikana ukigawanya 1 kwa sifuri, au hesabu inapozidi uwezo wa floti ya biti 64, ambao unaishia karibu na 1.8 mara 10 kwa kipeo cha 308. Ukipanga namba, infiniti haikusumbui hata kidogo. Infiniti chanya ni kubwa kuliko kila namba, infiniti hasi ni ndogo kuliko kila namba, na infiniti ni sawa na infiniti mwenzake. Ina mahali pake kwenye mstari wa namba, nayo itaenda huko bila kusukumwa.

NaN ni kitu kingine. Hutokea pale ambapo jibu halina maana: sifuri kwa sifuri, infiniti kutoa infiniti, infiniti mara sifuri, kipeuo cha pili cha namba hasi. Ukiuliza kama NaN ni ndogo kuliko 5, jibu ni hapana. Kubwa kuliko 5? Hapana. Sawa na 5? Hapana. Sawa na yenyewe? Hapana pia. Swali pekee linalojibiwa ndiyo ni kama NaN ni tofauti na kitu fulani, hata kitu hicho kikiwa NaN ileile.

Sasa fikiria algoriti ya kupanga inavyofanya kazi. Haizijui namba zako. Inajua kuuliza swali moja tu, "hiki ni kidogo kuliko kile?", na kujenga mpangilio wote kutokana na majibu. Ikiambiwa hapana kwa pande zote mbili, inachukulia kwamba vitu hivyo viwili vinalingana. Basi 3 inalingana na NaN, NaN inalingana na 1, na algoriti ina kila sababu ya kudhani 3 na 1 hazina haja ya kubadilishana nafasi. Kwenye mfano wetu, Python huanza kwa kutazama kama orodha tayari inapanda. NaN ni ndogo kuliko 3? Hapana. 1 ni ndogo kuliko NaN? Hapana. Basi orodha imeshapangwa, kazi imekwisha. Namba 3 na 1 hazikulinganishwa hata mara moja.

Kitu hikihiki kinaharibu hata utafutaji wa kubwa kuliko zote. Python ikipewa `max` ya NaN na 1, kwa utaratibu huo, inatoa NaN. Geuza utaratibu, 1 kisha NaN, inatoa 1. Jibu linategemea nani alitangulia kuingia.

Jambo moja la kukumbuka: infiniti inaweza kuzaa NaN. Mtu akitumia infiniti kuwakilisha umbali wa mahali pasipofikika, kisha akatoa umbali mmoja kwa mwingine, mahali pawili pasipofikika patampa infiniti kutoa infiniti, yaani NaN. Kwa hiyo infiniti haina hatia wakati wa kupanga, ila hatua moja kabla ya hapo inaweza kuwa ndiyo chanzo.

## Kila zana na msimamo wake

Kabla ya kuchagua njia, jua zana yako inafanya nini ukiiacha ifanye itakavyo. Hapa chini ni upangaji wa kupanda, kutoka ndogo kwenda kubwa.

| Zana | NaN inaishia wapi |
|---|---|
| Python, `sorted` na `list.sort` | Popote. Na zilizobaki zinaweza kuvurugika |
| NumPy, `np.sort` | Mwisho |
| pandas, `sort_values` | Mwisho, hata ukipanga kwa kushuka |
| Java, `Arrays.sort` ya `double[]` | Mwisho, baada ya infiniti chanya |
| Julia, `sort` | Mwisho |
| Go, `slices.Sort` na `sort.Float64s` | Mwanzo |
| C#, `Array.Sort` | Mwanzo, kabla ya infiniti hasi |
| JavaScript, safu ya kawaida na `(a, b) => a - b` | Popote |
| JavaScript, `Float64Array` | Mwisho |
| R, `sort` | Inaondolewa kimyakimya |
| Rust, `sort` | Msimbo unakataliwa na kompaila (programu inayotafsiri msimbo) |
| C++, `std::sort` | Tabia isiyofafanuliwa |
| PostgreSQL, `ORDER BY` | Baada ya infiniti, kabla ya NULL (alama ya thamani isiyokuwepo) |

Tazama Java na C#. Lugha mbili zinazofanana sana kwa sura, na moja inaiona NaN kuwa kubwa kuliko zote huku nyingine ikiiona ndogo kuliko zote. Mtu anayehamisha msimbo kutoka moja kwenda nyingine hatapata kosa lolote la kompaila. Atapata tu orodha iliyopinduka.

Mstari wa C++ ndio unaotakiwa kukutia hofu. `std::sort` inadai kilinganishi, yaani kipande cha msimbo kinachoamua kipi kitangulie, kinachofuata kanuni za mpangilio, na NaN inazivunja kwa sababu niliyoieleza juu. Ukizivunja, kiwango cha lugha hakikuahidi chochote. Algoriti inaweza kusoma nje ya mipaka ya safu, kwa kuwa baadhi ya mizunguko yake ya ndani huacha kukagua mpaka ikitegemea kwamba lazima itakutana na kipengele kidogo kuliko kile inachokishika. NaN si ndogo kuliko chochote wala si kubwa kuliko chochote, kwa hiyo tegemeo hilo linaanguka.

JavaScript ina mtego wa ziada. `sort` bila kilinganishi hugeuza kila kitu kuwa maandishi kwanza, hivyo 10 hutangulia 9. Watu hujifunza haraka kuweka `a - b`. Na ajabu ni kwamba `a - b` inazimudu infiniti: infiniti kutoa infiniti inatoa NaN, na kiwango cha lugha kinasema kilinganishi kikirudisha NaN ichukuliwe kuwa sifuri, yaani zinalingana, na kweli zinalingana. Lakini NaN ikiwa ndani ya safu yenyewe, kila ulinganisho nayo unatoa sifuri, na tumerudi palepale pa 3 na 1.

## Njia ya kwanza: kukataa

Unakagua orodha, ukikuta NaN unasimamisha kazi na kusema wazi iko nafasi ya ngapi. Ndiyo njia rahisi kuliko zote na nadhani inatumika mara chache kuliko inavyostahili.

Ifae wapi? Pale ambapo NaN haiwezi kuwepo kihalali. Kama orodha ni ya umri, uzito au idadi, NaN ni dalili kwamba kuna hitilafu juu ya mkondo, na kuipanga vizuri ni kuificha vizuri. Rust imechukua msimamo huu hadi kwenye aina za data: floti hazina mpangilio kamili kwa mujibu wa lugha, hivyo `sort` ya kawaida haikubaliki, na wengi hukimbilia `partial_cmp` ikifuatiwa na `unwrap`, ambayo huangusha programu NaN ya kwanza ikijitokeza. Kwenye huduma inayopokea data kutoka kwa watu usiowajua, hiyo ni zawadi kwa mtu mwenye nia mbaya. Kataa mlangoni, data inapoingia, ambako unaweza kurudisha ujumbe wa kueleweka. Usingoje ikataliwe katikati ya upangaji.

## Njia ya pili: kuziondoa

Unachuja NaN zote, unapanga zilizobaki, unasonga mbele. R hufanya hivi bila kuulizwa.

Kwa grafu au kwa kutafuta namba ya katikati, hii mara nyingi ndiyo unayoitaka. Ubaya wake ni kwamba idadi inapungua. Uliingiza vipimo 100, umetoka na 93, na kama mtu wa mbele yako anagawanya jumla kwa 100, jibu lake ni baya bila kosa lake. Ubaya mwingine huonekana ukiwa na safu mbili zinazokwenda sambamba, majina huku na namba kule. Ukiondoa kwenye safu moja pekee, kila jina baada ya NaN ya kwanza linapewa namba ya mwenzake. Ukichagua njia hii, rudisha pia idadi ya ulizoziondoa. Ni mstari mmoja wa msimbo.

## Njia ya tatu: kuzibadilisha kuwa infiniti

Hii ndiyo ninayoikuta mara nyingi zaidi ninapopitia msimbo wa wengine, na ndiyo ninayoipinga mara nyingi zaidi. Wazo lake linavutia: NaN inasumbua, infiniti haisumbui, basi weka infiniti badala ya NaN na itakwenda mwisho yenyewe.

Tatizo la kwanza ni maana. Chukua kiwango cha makosa kwa kila ombi. Seva isiyopokea ombi lolote ina 0 kwa 0, yaani hatujui chochote kuihusu. Ukiiandika infiniti, umesema ni mbovu kuliko seva zote duniani.

Tatizo la pili ni mchanganyiko. Kama data tayari ina infiniti halali, NaN iliyovaa sura ya infiniti inalingana nazo kabisa. Panga infiniti, NaN, 2, infiniti kwa ufunguo wa namna hiyo (ufunguo ni thamani ya kulinganishia tu, namba yenyewe haiguswi) na utapata 2, infiniti, NaN, infiniti. NaN imekaa katikati ya mbili halali. Atakayekuja kukata orodha pale NaN zinapoanzia atapoteza infiniti moja ambayo ilikuwa jibu sahihi.

Tatizo la tatu hujitokeza siku mtu anapogeuza mwelekeo. Infiniti iliyokuwa mwisho kwa kupanda sasa iko kileleni kwa kushuka. Lazima ukumbuke kubadilisha alama ya infiniti kila unapobadilisha mwelekeo, na mtu atasahau.

Kuna mahali ambapo ningeikubali: una uhakika kwamba namba zote nyingine zina kikomo, unaitumia kama ufunguo wa kupangia tu bila kugusa thamani yenyewe, na mwelekeo haubadiliki. Masharti matatu. Likikosekana moja, achana nayo.

## Njia ya nne: ufunguo wa jozi

Badala ya kudanganya kuhusu thamani, unaipa kila namba ufunguo wenye sehemu mbili: kwanza, je, ni NaN? Pili, thamani yenyewe.

```python
import math

sorted(orodha, key=lambda v: (math.isnan(v), v))
```

Hapana hutangulia ndiyo, kwa hiyo namba zote halali, pamoja na infiniti zote mbili, hukaa mbele, na NaN hufuata nyuma zikiwa katika utaratibu zilioingia nao. Hakuna mchanganyiko na infiniti. Ni mstari mmoja, na msomaji wa msimbo anaona nia yako bila maelezo.

Ila usikimbilie kuongeza `reverse=True`. Hiyo inageuza jozi nzima, na NaN zinapanda kileleni. Ukitaka kushuka huku NaN zikibaki mwisho, geuza thamani pekee: `(math.isnan(v), -v)`. Nimeona watu makini wakinaswa hapa, kwa sababu jaribio waliloandika lilikuwa la kupanda tu.

Gharama yake ni kasi. Tangu toleo la 3.7, Python ina njia ya mkato ya kulinganisha orodha ambayo vipengele vyake vyote ni floti. Ukifunga kila floti ndani ya jozi, unaunda kitu kipya kwa kila kipengele na ulinganisho unakuwa mrefu. Kwa orodha ya mamia au maelfu huwezi kuona tofauti. Kwa mamilioni utaiona.

## Njia ya tano: kutenga kwanza

Hii ndiyo chaguo langu la kawaida. Pita kwenye orodha mara moja, weka NaN upande huu na zisizo NaN upande ule, panga hizo za pili, kisha amua NaN ziende wapi.

```python
def panga(orodha, kushuka=False):
    halali = [v for v in orodha if not math.isnan(v)]
    batili = [v for v in orodha if math.isnan(v)]
    halali.sort(reverse=kushuka)
    return halali, batili
```

Faida yake ya kwanza ni kwamba upangaji wenyewe hauoni NaN kamwe. Alama ya "ndogo kuliko" inatosha, kilinganishi maalumu hakihitajiki, na algoriti yoyote, katika lugha yoyote, hata ile ya C++ inayotisha, inafanya kazi ndani ya kanuni zake. Kupita mara moja kwenye orodha ni kazi ndogo ukiilinganisha na upangaji unaofuata. Kwenye C++ `std::partition` hufanya kazi hii palepale ndani ya safu bila kuomba kumbukumbu ya ziada, au `std::stable_partition` kama utaratibu wa awali una maana kwako.

Faida ya pili ni mwelekeo. Kupanda au kushuka hakuzigusi NaN, kwa sababu hazimo.

Faida ya tatu ndiyo iliyonishawishi, nayo inatokana na tukio. Niliwahi kutunza ripoti iliyopanga seva kwa kiwango cha makosa, kumi mbovu zaidi zikionyeshwa juu. Ilikuwa imeandikwa kwa `np.sort` kisha kugeuzwa kwa `[::-1]`. NumPy huweka NaN mwisho. Ukigeuza, mwisho unakuwa mwanzo. Siku ambayo seva kadhaa zilizimwa kwa matengenezo, zote zikawa 0 kwa 0, zikajaza nafasi za juu, na seva iliyokuwa inaungua kweli ikasukumwa nje ya ukurasa. Hakuna aliyeiona hadi jioni. Tuliporekebisha tungeweza kubadilisha alama tu, kupanga hasi za namba kisha kugeuza ishara tena, na NaN zingebaki mwisho. Lakini tulipozitenga, tuligundua kwamba tulihitaji jedwali la pili kabisa: "seva zisizo na data". Swali la NaN zikae mwanzoni au mwishoni lilikuwa swali lisilo sahihi. Hazikustahili kuwa kwenye orodha ile.

Udhaifu wa njia hii ni pale unapopanga rekodi nzima zenye nguzo kadhaa, kila nguzo ikiwa na NaN zake. Kutenga kwa nguzo ya kwanza, halafu ya pili ndani ya makundi yanayolingana, kunakuwa msitu. Hapo rudi kwenye ufunguo wa jozi.

## Njia ya sita: mpangilio kamili wa kiwango

Marekebisho ya IEEE 754 ya mwaka 2008 yalifafanua mpangilio unaozipa thamani zote za floti nafasi, NaN zikiwemo. Rust inao kama `total_cmp`, uliokuwa tayari kwa matumizi tangu toleo la 1.62 mwaka 2022. C++20 inao kupitia `std::strong_order`. Kwa mujibu wake mstari unakwenda hivi: NaN zenye ishara hasi, infiniti hasi, namba hasi, sifuri hasi, sifuri chanya, namba chanya, infiniti chanya, na mwisho NaN zenye ishara chanya.

Ndiyo, NaN zina ishara. Kwenye floti ya biti 64, NaN ni muundo wowote ambao biti zake 11 za kipeo zote ni moja na sehemu inayobaki si sifuri tupu. Biti ya ishara haihesabiki katika sharti hilo. Ukihesabu miundo yote inayokubalika utapata 9,007,199,254,740,990. Kwa mpangilio wa kawaida zote ni NaN tu. Kwa mpangilio kamili kila moja ina kiti chake.

Hapa ndipo penye mtego ambao ningependa kila anayetumia `total_cmp` aujue. Prosesa za x86 zikikokotoa 0 kwa 0 hutoa NaN yenye ishara hasi. Prosesa za ARM hutoa yenye ishara chanya. Programu ileile, data ileile: kwenye kompyuta moja NaN inatangulia infiniti hasi, kwenye nyingine inafuata infiniti chanya. Tena kompaila ikikokotoa hesabu hiyo mapema yenyewe inaweza kuchagua ishara isiyo ile ambayo prosesa ingetoa. Mtu anayejaribu msimbo kwenye kompyuta yake na kuupeleka kwenye seva ya aina nyingine anaweza kuona orodha zake zimepinduka bila mstari hata mmoja kubadilika.

Tiba ni fupi: futa biti ya ishara ya kila NaN kabla ya kupanga, kwa mfano kwa kuchukua thamani yake kamili. Lakini ukishalazimika kuzigusa NaN moja moja, umekaribia sana njia ya kutenga.

Ninaichagua njia hii ninapohitaji orodha ileile biti kwa biti kila mara, kama vile kulinganisha faili mbili au kuondoa marudio, au ninapopanga kwa biti zenyewe kwa kasi kubwa. Pia inatofautisha sifuri hasi na chanya, jambo ambalo kwa kazi nyingi halina uzito.

## Hifadhidata na safari ya data

PostgreSQL imeamua kwamba NaN ni sawa na NaN na ni kubwa kuliko namba zote, uamuzi unaoiwezesha kuijengea faharasa. Ukipanga kwa kushuka bila kusema zaidi, utaona NULL kwanza, kisha NaN, kisha infiniti, kisha ndipo namba zako. `NULLS LAST` itaondoa NULL pale juu, lakini haitaigusa NaN, kwa sababu kwa hifadhidata hiyo NaN si NULL. SQLite inakwenda kinyume: NaN ikiingia inageuzwa kuwa NULL, na NULL ni ndogo kuliko vyote.

JSON, muundo wa maandishi wa kusafirishia data, nayo haina NaN wala infiniti. `JSON.stringify` huziandika zote kama `null`. Zikifika upande wa pili na kupangwa kwa `a - b`, `null` inahesabiwa kama sifuri. Hapo huna tena NaN ya kuikagua. Una sifuri za uongo katikati ya namba za kweli. Njia yoyote uliyochagua kati ya hizi sita, itumie kabla data haijavuka mpaka wa namna hii.

## Basi uchague ipi?

Mimi hujiuliza kwanza kama NaN inaweza kuwepo kihalali. Ikiwa haiwezi, nakataa mlangoni. Ikiwa inaweza, nauliza kama msomaji wa orodha anahitaji kuziona. Ikiwa hahitaji, naondoa na kutaja idadi. Ikiwa anahitaji, natenga. Naacha kutenga pale tu rekodi zina nguzo nyingi, ambapo nachukua ufunguo wa jozi, au pale ninapohitaji ulinganifu wa biti, ambapo nachukua mpangilio kamili baada ya kusawazisha ishara. Kubadilisha kuwa infiniti sijakukataza, ila nitakuomba uniandikie yale masharti matatu kwenye maelezo ya msimbo.

Kisha thibitisha. Tengeneza orodha ndogo yenye NaN mbili, infiniti zote mbili, sifuri zote mbili na namba chache za kawaida. Ichanganye ovyo mara elfu, ipange kila mara kwa kupanda na kwa kushuka, na hakikisha namba zisizo NaN zinatoka katika mpangilio sahihi kila mara. Ukilinganisha matokeo usitumie alama ya usawa moja kwa moja, maana NaN haitakuwa sawa na NaN na jaribio linaweza kuanguka hata msimbo ukiwa mzima.

Na kwa wanaotumia C au C++, endesha jaribio hilo kwa mipangilio ileile ya kompaila utakayotumia kwenye toleo la mwisho. GCC ikipewa `-ffast-math` inaruhusiwa kudhani kwamba NaN na infiniti hazipo kabisa, na kwa dhana hiyo inaweza kufuta ukaguzi wa `isnan` uliouandika, ikiuona hauna kazi. Kichujio kipo kwenye faili lako, ila kwenye programu inayotembea hakipo.